Printa ya Sebuleni

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Zile salamu ndefu za kuanzia barua niliwachapia watu kwa miaka thelathini na moja pale ofisi ya shule, na sasa nimestaafu, nazo nimezistaafisha. Mimi sijambo. Wifi yangu anaendeleaje? Mwambie aendelee kulala kama daktari alivyoagiza, na wewe uendelee kumpikia, hata kama wali wako unanata kama gundi. Mimba mbili zimeshatoka. Hii ya tatu hatuifanyii mzaha. Usimwache peke yake hata siku moja, umenisikia?

Haya, nina swali la kifundi, na kwa kuwa mama alipofariki ukiwa na miaka minne ni mimi niliyekulea, jibu lako nalitaka upesi na bila maringo. Printa yangu iko pale pale sebuleni, juu ya meza, na inafanya kazi kwa waya tu. Kompyuta nimeihamishia chumbani. Nataka nikiwa chumbani nibonyeze, karatasi itoke kule sebuleni. Nimesikia kuna vidude vya Bluetooth vya kuiondolea printa waya. Usiniambie ninunue mpya. Hii haina kosa lolote ila ni ya zamani kama mwenye nayo.

Sababu ya kuhama ni seremala wa jirani. Randa yake ya umeme inanguruma kutwa, na akipumzisha randa anafungulia spika. Chumbani kuna utulivu.

Usinipigie simu. Mara ya mwisho tulipigiana makelele mpaka mpangaji wangu akaja mbio kudhani kuna ugomvi.

Dada yako

11 Machi

Shikamoo dada,

Nimecheka mpaka wifi yako akauliza kulikoni. Wewe ambaye simu huisikii hata ukipigiwa tarumbeta, leo randa ya jirani inakukosesha raha? Sema tu umekuwa mvivu. Ni haki yako, umechoka kuamka saa kumi na moja kwa ajili ya kengele za shule.

Jambo lenyewe linawezekana kabisa, pale dukani nawafungia watu kila wiki. Ila nijibu kama ninavyowauliza wateja, bila kunizungusha. Moja, nyuma ya printa, tundu la waya ni la mraba au bapa? Pili, kutoka unapokaa na kompyuta hadi kwenye printa ni hatua ngapi? Tatu, kuna kuta ngapi katikati, na ni za nini? Bluetooth haipendi ukuta mnene.

Wifi yako anakusalimu. Mwezi wa sita huu, na mtoto anapiga mateke. Nimeweka kitanda karibu na dirisha ili aone watu wanaopita, maana ukuta umemchosha. Dukani nimeomba kufanya kazi nusu siku. Naogopa, dada. Nikiwa kazini simu ikilia bisibisi inanidondoka.

Mdogo wako

17 Machi

Kitindamimba,

Randa siisikii masikioni, naisikia miguuni. Sakafu inatetemeka. Umeridhika, wakili?

Majibu yako. Tundu ni la mraba. Kutoka kitandani hadi kwenye printa ni hatua kumi na nne, na ukuta ni mmoja, wa matofali, ule ule uliouchora kwa mkaa ukiwa darasa la pili na ukaonja fimbo yangu.

Kuna jambo sikukwambia. Mpangaji wangu wa chumba cha uani, yule mwalimu wa shule ya msingi, ndiye anayenibebea kompyuta kwenda sebuleni ninapotaka kuchapa, maana ni nzito. Binti mzuri, ananisaidia sana. Lakini amejifanya mhariri. Kila ninachoandika anakisoma, ananitolea macho, anasema, "Bibi, hapa simo." Mimi niliyesahihisha barua za wakuu wa shule wanne! Nataka kuchapa vyangu bila mtu kuvisoma. Hilo tu ndilo ninalolitaka kwako, na nalitaka kweli.

Usiogope. Mtoto atazaliwa. Nakwambia mimi.

Dada yako

26 Machi

Shikamoo dada,

Umepata kifurushi, umekifungua? Vimo vidude viwili. Kikubwa, chenye waya wake wa umeme, kinachomekwa nyuma ya printa kwenye lile tundu la mraba, mahali pa waya wa zamani. Kidogo, chenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kinaingia kwenye kompyuta upande wa kushoto. Washa printa, subiri kitaa cha buluu kiwake. Kwenye kompyuta fungua sehemu ya Bluetooth, tafuta vifaa vilivyo karibu, chagua printa. Ikidai namba ya siri, andika sifuri mara nne. Basi, umemaliza. Karatasi ya maelezo nimeiandika kwa herufi kubwa, usiseme nimekutukana, ni macho yako ninayoyafikiria.

Swali. Mwisho wa barua yako, chini ya jina, kuna mstari wa penseli uliofutwa. Nimeuweka kwenye taa nikaona neno "kaka" tu. Nani ananiita kaka?

Na mbona kompyuta imekuwa nzito? Ni ile ile uliyokuwa ukiibeba kwapani kama daftari.

Mdogo wako

2 Aprili

Kitindamimba,

Mwalimu alikuwa anajaribu penseli. Watoto wake shuleni wanamchosha, anaandika popote.

Sasa sikiliza aibu yangu. Nilichomeka kama ulivyosema. Nikatafuta vifaa vilivyo karibu, likatokea jina moja tu, refu, la herufi na tarakimu. Nikasema ndiyo yenyewe. Nikabonyeza. Kompyuta ikaniambia tumeungana, nikafurahi kama nimepata cheo. Mara muziki wa seremala ukakatika. Yeye akauwasha, mimi nikabonyeza, ukakatika. Tumefanya hivyo kama robo saa, kila mtu upande wake wa ukuta, mpaka akaja mlangoni kumwuliza mwalimu kama na sisi umeme unasumbua. Kumbe nilikuwa nimejiunga na spika yake! Mwalimu alicheka mpaka akakaa sakafuni, na mimi nikacheka mpaka kifua kikauma.

Printa yenyewe haionekani kabisa. Kompyuta ikipelekwa sebuleni inaonekana, ikirudi chumbani inapotea. Ni ukuta wako huo. Fanya maarifa, tafadhali. Barua hii imebidi ichapwe kwa njia ya zamani, mhariri akiwa amesimama juu yangu.

Dada yako

9 Aprili

Shikamoo dada,

Maskini seremala. Mwombe radhi kwa niaba ya mafundi wote.

Nakutumia waya wa USB wa kurefusha, mita tatu. Najua, ulitaka kuachana na waya na mimi nakuletea mwingine, lakini huu hauendi kwenye printa. Mwisho mmoja uchomekwe kwenye kompyuta, mwisho wa pili ndio uchomekwe kile kidude kidogo, halafu kibandikwe kwa utepe wa gundi juu ya fremu ya mlango, upande wa sebuleni. Kikiwa hapo kinaiona printa moja kwa moja bila kupita ukutani. Mwalimu apande kiti akubandikie. Wewe usipande kiti, tafadhali.

Ikikubali, chapa barua nzima ukiwa chumbani, nitumie hiyo hiyo. Mteja akiniambia "inafanya kazi" simwamini mpaka nione karatasi.

Wifi yako alitokwa na damu kidogo Jumapili. Tulikwenda hospitali, wakamweka siku mbili, wakamrudisha. Mtoto yupo. Daktari amesema mtu asitoke kando yake mpaka ajifungue. Kwa hiyo ile safari ya kuja kukuona mwezi wa tano nimeiahirisha. Nisamehe. Lakini nikiona barua zako zilivyonyooka, koma mahali pake na nukta mahali pake, moyo unatulia, nasema dada yuko imara.

Mdogo wako

16 Aprili

Kitindamimba,

Karatasi hiyo hapo! Nimebonyeza nikiwa chumbani, na printa imeguna kule sebuleni kama mzee anayeamshwa. Mwenyewe nimesimama, nimetembea hizo hatua kumi na nne, nimeichukua ikiwa bado ina joto. Wewe ni fundi, sibishi tena.

Hutaona sahihi yangu ya kalamu tangu leo. Mambo yakiwa bila waya, na sahihi iwe bila wino. Bahasha nazo nimezichapa ishirini kwa mpigo, anwani yako juu yake, kazi imekuwa nyepesi kabisa.

Safari umefanya vizuri kuiahirisha. Ungekuja ningekufukuza. Mimi ni mzima, nakula, nalala, namsumbua seremala. Kaa na mkeo.

Dada yako

7 Juni

Shikamoo dada! Shikamoo shangazi!

Ni msichana! Jana saa nne asubuhi. Kilo mbili na nusu, mapafu ya muuza magazeti. Wifi yako amechoka lakini mzima, anakula, anacheka, anamtazama mtoto kama hajaamini. Mimi nimelia kwenye korido mbele ya mlinzi wa hospitali, akanipa kiti chake.

Ana paji lako la uso, dada. Lile la kuudhika kabla hajaambiwa kitu.

Wakiruhusiwa nitawatuliza nyumbani, mama mkwe atakuja mwezi ujao mwishoni, na akifika tu napanda basi nakuja kwako. Nitakuletea picha. Nitakaa wiki nzima, nitakula chakula chako, nitakufungia hata seremala kama unataka.

Mdogo wako, baba wa mtu

13 Juni

Baba wa mtu,

Nimeisoma barua yako mara tano, na mwalimu nimemsomea mara mbili ingawa mara ya kwanza alisikia vizuri. Hongera. Mpe wifi yangu hongera kubwa kuliko yako, kazi ni yake.

Usiharakishe kuja. Mtoto wa wiki moja na mama aliyelala miezi sita hawaachwi. Mama mkwe akifika, ndipo. Mimi nipo.

Shangazi

12 Julai

Kaka,

Pole tena kwa msiba. Mazishini tulisalimiana tu, na watu walikuwa wengi, sikuweza kusema. Ukweli ni kwamba niliogopa. Uliponishika mkono ukaniambia asante kwa kumtunza, nilitaka ardhi inimeze. Nakuandikia sasa kwa kalamu, kwa sababu ile printa siwezi kuigusa tena.

Bibi hakutembea tangu mwezi wa pili. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu ilivimba, baadaye maji yakaanza kumpanda kifuani. Hakuhamia chumbani kwa ajili ya randa. Hakuweza kutoka. Aliniapisha nisikwambie mpaka mtoto azaliwe. Alisema, "Akisikia nakohoa atapanda basi, na mkewe atabaki peke yake, na mimba itatoka, na nitakufa nikijua ni mimi." Niliapa. Lakini kila nilipobeba kompyuta kwenda kumchapia nilisoma "mimi ni mzima", nikamwambia mambo haya simo, mimi siwezi kuchapa uongo huu. Mara moja nilikuandikia kwa penseli chini, akaniona, akanifanya nifute mbele yake. Ndiyo maana alikuwa ameshakuomba vile vidude. Alikuwa hataki mtu wa kumsuta. Ulipofaulu kumtengenezea alifurahi kuliko siku zote nilizomjua.

Baada ya hapo utaratibu ulikuwa huu. Yeye anabonyeza akiwa kitandani. Mimi asubuhi nikienda shuleni napita sebuleni, nikikuta karatasi naichukua bila kuigeuza, naitia kwenye bahasha, naipeleka ofisi ya basi. Sikusoma hata moja. Nilimwahidi hilo pia.

Mtoto alipozaliwa nikamwambia, bibi, kiapo kimeisha, sasa mwambie. Akasema atafikiria. Tarehe kumi na nne nikapeleka barua. Tarehe kumi na sita jioni nikamwuliza, "Umemwambia?" Akasema, "Nimemwambia. Anakuja." Nikamwuliza tena nipige simu? Akasema hapana, nimemwandikia mwenyewe, vizuri. Nikadhani ni ile niliyoipeleka. Asubuhi yake sebuleni hapakuwa na karatasi. Kitaa chekundu kilikuwa kinamemeteka, nikadhani ni cha kile kidude chako.

Alikungoja, kaka. Siwezi kukuficha. Asubuhi aliniambia nimsuke nywele. Akaniambia nitandike shuka la maua. Kila jioni nikirudi aliniuliza kama basi limeshaingia, nami nikamjibu labda kesho. Siku ya saba nikaona umechelewa, nikataka kukupigia, akaniambia, "Usimsumbue. Akichelewa ujue mtoto amemshika. Barua anayo." Ndivyo alivyosema, barua anayo. Tarehe ishirini na saba alfajiri akatutoka.

Mchana ule nilifungua kompyuta yake nichape tangazo la msiba. Printa haikuchapa. Nikaangalia trei, haikuwa na karatasi hata moja. Nikaweka. Kwanza ikatoka hii ninayokutumia, ndipo likatoka tangazo. Ilikuwa kwenye foleni siku zote zile. Nimeisoma, nisamehe, nilidhani ni tangazo.

Unipe lawama unayoona inanistahili.

Mwalimu

16 Juni

Kitindamimba wangu,

Barua ya juzi itupe. Niliandika "usiharakishe" kwa mazoea, kama karani anavyogonga muhuri bila kusoma.

Njoo. Mimi ni mgonjwa, tena sana, tena tangu zamani, na nimekudanganya barua baada ya barua, na wewe ndiye uliyenipa vyombo vya kukudanganyia. Usikasirike. Kama ungejua ungekuja, na ungekuja ungerudi ukute kitanda cha dirishani ni kitupu. Nilipiga hesabu, nikaona bora nidanganye. Leo mtoto yupo, anapumua, na mimi nimebaki na tamaa yangu mwenyewe, ambayo nilikuwa nimeifungia kabatini.

Nataka kukuona. Sitaki picha, sitaki chakula, sitaki dawa mpya. Nataka ukae hapa kando ya kitanda uniambie habari za duka na wateja wako wajinga, niangalie mdomo wako ukisema, maana masikio ndiyo hivyo tena. Najua mkeo bado anakuhitaji. Mwombe siku tatu. Mwambie wifi amemwomba, hajawahi kumwomba kitu.

Nilikukuta una miaka minne unamlilia mama mlangoni, nikakubeba, ukanyamaza. Sasa ni mimi ninayelia, na nimechoka kufanya kama silii. Naogopa, mwanangu. Njoo upesi.

Dada yako

20 Julai

Mwalimu,

Barua zote mbili nimezipata. Wiki nzima nimezisoma.

Lawama sikupi. Uliapishwa na mgonjwa, ukaweka kiapo, na ulimtunza dada yangu kwa mikono yako wakati mimi nilikuwa naulizia mambo ya tundu la mraba na tundu bapa. Nilimhesabia hatua kwa ajili ya Bluetooth. Sikumwuliza kwa nini hatua hizo zinaanzia kitandani. Aliniandikia neno hilo waziwazi, "kutoka kitandani", nami nikachukua namba nikaacha neno. Kuhusu randa nilimtania. Kuhusu uzito wa kompyuta niliuliza, nikasahau kungoja jibu. Mke wangu amezisoma barua zote mfululizo, amelia, akaniambia angeniruhusu. Tangu mwezi wa tatu angeniruhusu. Hilo nalo dada hakulijua, na mimi sikumwuliza.

Lakini nisamehe, sitaweza kukuandikia tena kwa muda. Nikiona mwandiko wako naona shuka la maua.

Vitu vya ndani gawa unavyoona. Printa mpe seremala, au mtu yeyote, usinitumie. Kile kidude king'oe pale juu ya mlango, taratibu, kisibandue rangi. Jana mteja alikuja dukani na printa ya waya, anataka kuifanyia kama nilivyofanyia ile. Nilimwambia siku hizi sifanyi. Akashangaa, akasema lakini wewe ndiye fundi wake hapa. Nikaenda kukaa chooni mpaka akaondoka.

Bosi amenipa likizo. Mtoto anakua, amefikisha kilo tatu na nusu. Usiku namshika, namtazama paji la uso, na najikuta nahesabu. Kuanzia tarehe kumi na sita hadi tarehe ishirini na saba ni siku kumi na moja. Kutoka hapa kwangu hadi kando ya kitanda chake, kwa basi, ni safari ya siku moja.

Kaka yako